Nani Anayazoesha Masikio ya Watoto Wetu?

 

Ndugu Waislamu, tunaomba kuanza kwa kukiri jambo ambalo mwalimu wa madrasa hulionea haya. Mwaka jana tulikuwa na safari ya Mbwera kwa ajili ya kuwatahini wanafunzi. Boti iliondoka Nyamisati baada ya swala ya alfajiri ili kuwahi maji kabla hayajapwa. Nahodha alikuwa na spika ndogo aliyoifunga kwa kamba karibu na injini, na ndani ya memori kadi yake, kwa kadiri tulivyoweza kuhesabu, mlikuwa na nyimbo nne tu za singeli. Zilipokwisha, zilianza tena. Zilipokwisha tena, zilianza tena. Abiria hakuna aliyelalamika. Wengine walikuwa wamesinzia juu ya magunia.

Mara ya kwanza tulikunja uso. Mara ya tatu tulikuwa tumekwisha kujua mahali ambapo mwimbaji wa ule wimbo wa pili huvuta pumzi. Tulipofika katikati ya mikoko, pale ambapo vijito hufanana hata mgeni asijue pa kutokea, ajabu ni kwamba ndani ya wimbo ule hatukupotea hata kidogo: kila kipande tulijua kinachokuja baada yake. Siku ya tatu yake, tukiwa Mbwera, tulikuwa tunatia udhu kwa ajili ya swala ya alasiri. Mtoto wa mwenyeji wetu, mwenye umri kama wa miaka minane, aliyekuwa ametushikia kata ya maji, akaanza kucheka. Tulipomuuliza anachekea nini, akasema, "Kumbe na wewe ustaadh unaujua!" Tulikuwa tunauimba puani.

Wimbo ule hatukuuchagua. Hatukuupenda. Hata maneno yake hatukuyasikia barabara kwa sababu ya injini. Ikawa tunajiuliza: basi uliingia kwa mlango gani?

Kwa kawaida yetu sisi watu wa madrasa, litajwapo suala la nyimbo, hukimbilia kwenye hukumu. Msomaji anajua kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Jumhuri wamekataza ala za muziki. Ibn Hazm al-Andalusi alizitetea kwa kuzidhoofisha hadithi zinazotolewa hoja. Naye Imam al-Ghazali ana mlango mrefu katika Ihyaa alipopambanua baina ya sauti na sauti, na baina ya msikilizaji na msikilizaji. Sisi tunafuata kauli ya walio wengi, na hatuoni haja ya kuurudia mjadala huo hapa. Tunachosema ni kwamba ndani ya boti ile hukumu tuliijua vizuri na haikutuzuilia kitu. Ulimi ulikuwa na hukumu, sikio halikuwa nayo. Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa jicho jingine.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia mmoja mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, Robert Zajonc, alichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana yoyote, na alama zilizofanana na herufi za Kichina, watu ambao hawakijui Kichina. Nyingine waliziona mara 1, nyingine mara 2, nyingine mara 5, 10, mpaka mara 25. Kisha akawataka wakisie: alama hii ina maana nzuri au mbaya? Zile zilizoonekana mara nyingi ndizo zilizodhaniwa kuwa na maana nzuri. Hazikufanya lolote ila kurudi. Mwaka 1980 yeye na mwenzake Kunst-Wilson walikwenda mbali zaidi: waliwaonyesha watu maumbo kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba walipoulizwa baadaye ni yapi waliyoyaona, hawakuweza kuyatambua. Lakini walipoulizwa ni yapi yanayowapendeza zaidi, wakayachagua yaleyale yaliyowapitia. Maana yake ni kwamba moyo unaweza kukizoea kitu na kukipenda ilhali akili haina habari kwamba ilikutana nacho.

Mzazi na azingatie hapo. Yule mtoto anayekaa nyuma ya bodaboda kila asubuhi kutoka Bungu kwenda shule, hasikilizi muziki. Anawaza hesabu zake, au anawaza chapati. Muziki unampitia tu. Na ule unaompitia ndio tunaouzungumzia.

Kuhusu sauti hasa, yako mambo ya kustaajabisha zaidi. Bibi mmoja mtafiti wa California, Diana Deutsch, alikuwa mwaka 1995 akiikagua rekodi ya sauti yake mwenyewe akizungumza. Aliacha kipande kifupi cha maneno kikijirudia mashineni, na baada ya muda akahisi kana kwamba kuna mtu anaimba. Hakuna noti iliyoongezwa. Ni maneno yaleyale ya mazungumzo, kurudiwa tu ndiko kulikoyageuza wimbo. Msomaji asione hili ni geni. Na asimame pale Mbagala Rangi Tatu awasikilize wapiga debe wanaoita abiria wa kusini: mpaka gari lijae, jina la Kibiti na la Ikwiriri yamekwisha kuwa beti, na mtoto aliyeko mgongoni kwa mama yake anatikisa kichwa. Mtafiti mwingine, Elizabeth Margulis, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2014 kwamba alichukua tungo za watunzi wa Ulaya na Marekani zilizo ngumu, ambazo kwa makusudi hazirudii kitu, akazikata kwa kompyuta na kuvirudia vipande vyake bila ufundi wowote. Wasikilizaji walizipenda zaidi zile alizozichezea, na wakadhani kwamba hizo ndizo zilizotungwa na binadamu, na zile za asili ndizo zilizotengenezwa na mashine.

Sababu yake inaeleweka. Sikio, linapokuwa limekwisha kupita njia, hutangulia mbele ya sauti na kuisubiri. Inapofika pale ilipotarajiwa, nafsi hupata raha ndogo, kama ya mtu aliyebahatisha kitendawili. Na kwa kuwa raha hiyo haina jina, nafsi husema: wimbo huu ni mzuri. Kumbe ni mwepesi tu, kwa kuwa umezoeleka.

Hapa ndipo tunapoomba wazee wa bonde hili watushuhudie. Zamani, mambo haya yalikuwa na kipimo. Ngoma ilikuwa na msimu wake: mpunga ukishavunwa, au pana harusi, au mwali anatolewa. Hatusemi kwamba yote yaliyokuwamo yalikuwa ya kheri. Mengine tumeyakemea katika kurasa hizi na tutaendelea kuyakemea. Tunasema kwamba aliyetaka kuusikia wimbo tena ilimpasa amngoje muimbaji, na muimbaji naye alichoka, alikula, alilala. Baina ya ngoma na ngoma sikio lilipumzika kwa miezi. Kilichobadilisha hesabu hiyo ni mashine. Mwaka 1928 marehemu Siti binti Saad wa Unguja alipelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani zile zikaenea pwani yote, zikapigwa katika nyumba ambazo yeye mwenyewe hakupata kukanyaga, na wakati yeye amelala. Hivyo sauti ya Mswahili iliweza kurudiwa bila ya Mswahili kuwapo.

Kisha ikaja redio. Wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wanazikumbuka zile ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizopigwa na marehemu Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake. Hakuna aliyeomba kuzisikiliza. Watu walikuwa wanangoja habari. Lakini mwulizeni mzee yeyote pale Kibiti, atazipiga kwa vidole juu ya meza bila kukosea, na macho yake yatalainika. Zilirudiwa kila siku, wakati uleule, watu wakiwa wamekaa pamoja na wenye shauku. Mambo matatu hayo msomaji ayaweke akilini, tutayarudia.

Leo mtoto anayekwenda kuamia ndege shambani amekaa juu ya dungu na simu ya kaka yake. Ndani yake mna nyimbo kumi. Anakaa kutwa. Babu yake aliusikia wimbo wake aupendao labda mara ishirini katika mwaka. Mjukuu anamaliza idadi hiyo kabla ya adhuhuri.

Watafiti wanasema pia kwamba mapenzi haya yana kilele. Wimbo hupanda, ukafika juu, kisha ukizidi kurudiwa huanza kuchosha. Vijana wetu wanalo neno lao zuri kwa hali hiyo: husema wimbo "umechuja", kama chai iliyotiwa maji mara ya tatu kwa majani yaleyale. Wauzaji wa nyimbo wanalijua hilo, ndiyo maana kila baada ya miezi hutoa mwingine. Sasa tunamuuliza Muislamu: wewe unasoma Suratul-Fatiha kwa uchache mara 17 kila siku katika faradhi peke yake. Mwenye miaka hamsini ameisoma mara ngapi? Imechuja? Hatulisemi hili kama hoja ya maabara. Tunalisema kama watu waliosimama nyuma ya maimamu wengi, wazuri na wabaya, na bado wanapoisikia wakiwa ugenini koo hubana.

Na hapa pana kisa chetu cha pili, nacho ni cha Khartoum, tulikosoma kabla vita vya Aprili 2023 havijaufunga mji ule. Sisi tuliolelewa kwa riwaya ya Hafs hatuijui imala ila mahali pamoja tu, katika Surat Hud. Sudani watu wengi husoma kwa riwaya ya ad-Duri kutoka kwa Abu Amr, na ndani yake alifu huinamishwa kuelekea yaa mahali pengi. Neno la moto, linapokuwa na kasra mwishoni, halisikiki kama tulivyofundishwa nyumbani. Isitoshe, mahadhi yao si yale ya Misri tuliyoyazoea katika kanda. Yanakwenda kwa hatua tano za sauti kama zilivyo nyimbo za kwao za asili, kama zilivyo nyingi za Afrika. Wiki za mwanzo, Allah atusamehe, tulikuwa tunaswali huku ndani ya nafsi tunasahihisha. Tulimwona imamu anaburuta. Miezi ikapita. Sikumbuki siku yenyewe, maana hakuna siku: ila ilifika Ramadhani tukawa tunauvuka mtaa mzima, tunaupita msikiti wa karibu, kwenda kumfuata msomaji yule yule wa riwaya ile ile. Novemba 2020, alipofariki kwa ajali ya gari Sheikh Nourin Muhammad Siddiq, msomaji mashuhuri wa Sudani, tulikuwa tumekwisha kurudi Kibiti. Tuliiweka sauti yake chumbani tukalia. Mke wetu, aliyelelewa kwa sauti za Misri na Makka, aliuliza kwa upole kwa nini sheikh huyo anasoma kwa huzuni namna ile. Tukamwambia angoje. Sasa ni yeye anayeiomba.

Qur'ani si muziki, na hatuulinganishi uneni wa Mola na kitu. Lakini sikio linalopokea ni moja. Mja hana sikio la nyimbo na sikio la Qur'ani. Na aliyeliumba ndiye aliyeiteremsha Surat ar-Rahman, ambayo katika aya zake 78, aya moja imerudi mara 31. Na katika al-Mursalaat onyo moja limerudi mara kumi. Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye kuihifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia atakuwa nao, akiwaacha watamtoroka. Imam al-Ghazali naye, miaka zaidi ya mia nane kabla ya utafiti wa mtu yeyote wa Michigan, alieleza kwamba atakaye kuwa mwandishi mzuri wa hati hana budi kuiga mkono wa mwandishi mzuri, mara kwa mara, kwa kujikalifisha, mpaka hati nzuri imtoke kama tabia. Na akatoa mfano mwingine wa kuchekesha, wa mtu anayecheza na njiwa, ambaye husimama kutwa juani asihisi maumivu kwa jinsi alivyowazoea na kuwafurahia ndege wake.

Maadamu elimu hii ni yetu tangu zamani, imekuwaje basi yule nahodha wa Nyamisati atushinde?

Jibu letu halitawafurahisha walimu wenzetu, na sisi tumo ndani yake. Watafiti haohao wanaonya kwamba kurudia hakupendezeshi kila kitu. Kitu kilichoanza na karaha, kikirudiwa pamoja na karaha yake, huzidi kuchukiza. Sikio hukumbuka sauti, na hukumbuka pia hali iliyokuwa nayo wakati wa kusikia. Sasa tujiulize: mtoto wetu anaisikia Qur'ani akiwa katika hali gani? Akiwa juu ya bodaboda upepo unampiga usoni, anasikia singeli. Akiwa harusini ameshiba pilau, anasikia taarabu. Akiwa amekaa sakafuni, ana njaa ya saa kumi, bakora iko juu ya jamvi mbele yake, anasikia Suratul-Mulk.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, akili kama wembe. Tulimhifadhisha Suratul-Mulk kwa henzirani, kila aya na sehemu yake. Aliihifadhi kwa siku tisa, na sisi tukajisifu kwa wazazi wake. Miaka kadhaa baadaye tulimkuta Ikwiriri, ana pikipiki yake, ana spika yake. Akashuka kwa heshima, "Shikamoo ustaadh", akatupeleka tulikokuwa tunakwenda na akakataa nauli. Njiani tulimuuliza kama bado anaisoma ile sura kabla ya kulala. Alinyamaza mpaka tukadhani upepo umeyachukua maneno. Kisha akasema, "Ustaadh, nisikudanganye. Nikiisikia mahali mkono huu unauma. Huwa naondoka." Akauinua mkono wa kushoto kidogo kutoka kwenye usukani.

Hakuna mwimbaji yeyote wa Dar es Salaam aliyemtenga kijana huyu na sura ile. Tulimtenga sisi, kwa kurudia.

Lipo na jingine, nalo linaigusa harakati yetu hii ya islahi kwa ujumla. Vyuo vya zamani vya delta, kabla hatujasema neno "madrasa", vilikuwa na mahadhi yake. Hijai zilisomwa kwa sauti ya kupanda na kushuka, watoto wote pamoja, na kila mwalimu alikuwa na namna yake aliyoirithi. Tuliporudi kutoka masomoni, sisi na wenzetu, tulikuta makhraj yamevurugika, dhaad haijulikani na dhaa, na tuliona ni wajibu kusahihisha. Kusahihisha kulikuwa haki. Lakini pamoja na makosa tuliyatupa na mahadhi, tukayaita ya kizamani, wengine wakayaita bid'a bila kuleta dalili. Tukaleta ubao, chaki, na kitabu. Watoto wetu leo wanatamka vizuri kuliko bibi zao, hilo hatuwezi kulikana. Ila bibi zao walipokuwa wakitwanga mpunga sura zilikuwa zinawatoka zenyewe, kwa mahadhi ya chuo, mchi ukishuka. Wajukuu wanapotwanga, kinachowatoka wote mnakijua. Hata yule mwimbaji wa Misri, Umm Kulthum, ambaye watu walimsikiliza saa nzima akiurudia mstari mmoja mpaka ukumbi ukasimama, alianzia kwenye chuo cha Qur'ani cha kijijini, na baba yake alikuwa imamu. Sauti ile iliyowafuata watu majumbani ilijifunza kurudia kutoka kwetu.

Tuliliona hili kwa macho yetu wakati wa mafuriko ya Aprili 2024. Familia kadhaa zilipanda kutoka bondeni na kujisitiri kwa jamaa zao mjini Kibiti, na watoto wao wakaletwa kwetu jioni. Misahafu yao ilikuwa imelowa, ubao haukutosha, na kwa hakika hakuna mwenye moyo wa kumchapa mtoto ambaye nyumba yao imo majini. Tulibaki na sauti tu. Kila siku baada ya maghribi, mpaka isha, tulisoma sura zilezile tatu, kwa pamoja, taa moja katikati. Hatukumtahini yeyote. Wiki ya pili kulikuwa na mabadiliko ambayo hatukuyapanga: ukipita uani asubuhi unawakuta wasichana wanaosha vyombo, mmoja anaanza aya, mwingine anaipokea. Kila siku, wakati uleule, watu wamekaa pamoja na wenye shauku. Ni yale mambo matatu ya ngoma za Mzee Morris. Maji yalipopungua walirudi makwao. Tulipofika Mbwera katika safari ile ya mwaka jana, mmoja wao alikuwa amehifadhi kiasi ambacho hatukuwa tumemfundisha.

Tangu hapo bakora tumeiondoa darasani. Baadhi ya wazazi wamekuja kulalamika kwamba tumekuwa laini. Tumewaomba watupe mwaka.

Kwa wazazi tuna nasaha chache. Wengi wenu, kwa nia njema, mnafungulia Qur'ani simuni kutoka alfajiri mpaka usiku, juzuu baada ya juzuu, msomaji baada ya msomaji, huku dukani watu wanabishania bei ya sukari. Mtu atasema: si mmetuambia kwamba sikio huzoea hata lisiposikiliza? Ndiyo, huzoea. Lakini Mola ametuamuru Qur'ani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze, na hatuwezi kuivunja adabu yake ili tuipate faida yake. Isitoshe, mtiririko usiokwisha haurudii kitu. Ni mto unaopita. Bora robo saa, sura moja, msomaji mmoja, wakati mmoja kila siku, na mzazi amekaa. Iko rekodi ya Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi ambamo sauti za watoto hurudia nyuma yake aya kwa aya. Inapatikana kirahisi na kuingizwa katika memori kadi yoyote. Tumeijaribu na watoto wa miaka mitano. Siku nne za mwanzo walichezea vidole vya miguu. Msikate tamaa katika siku nne hizo; mkumbuke jinsi tulivyokunja uso katika boti.

Na habari ya boti haijaisha. Wakati wa kurudi kutoka Mbwera tulimwomba nahodha, kwa adabu, azime spika mpaka tuvuke. Alikubali, lakini akasema, "Basi ustaadh wewe ndiye utusomee, maana injini peke yake inanitia usingizi." Ombi la haki. Tukasoma Surat ar-Rahman, kwa sauti ya juu kuishinda injini, na kila ilipofika ile aya inayorudi, tulipunguza mwendo kidogo. Kufikia mara ya kumi hivi, mama mmoja aliyebeba kuku alikuwa anaisoma nasi. Kufikia ya ishirini ilikuwa nusu ya boti. Nahodha hakusema kitu. Miezi miwili baadaye tulipanda tena kwake. Spika ilikuwa palepale, singeli zilezile, au labda nyingine, zile zimekwisha kuchuja. Alipotuona aliizima kabla hatujakaa, akauliza, "Ile inayojirudia, leo mtasoma?"

Tunamalizia kwa ombi. Tunakusanya mahadhi ya vyuo vya zamani vya delta, tuyapambanue, yale yasiyoharibu makhraj tuyarudishe kwa watoto. Walimu waliokuwa nayo wengi wametangulia mbele ya haki. Mwenye kumbukumbu, mwanamume au mwanamke, awe wa Mbwera, Salale, Msala au popote bondeni, hata kama anakumbuka hijai tu na hajui kusoma zaidi, atufikie Kibiti siku yoyote baada ya swala ya alasiri. Asiyeweza kusafiri atutumie salamu, tutamfuata. Hatuna cha kumlipa ila nauli ya boti na dua.

Wabillahi tawfiq.